Usafi wa nyumba haungoji Ramadhani

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyeumba mvua na jua, baridi na joto, akakipa kila kimoja wakati wake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake hadi siku ya mwisho.

Ama baada ya hayo. Ni desturi njema katika familia nyingi za Kiislamu kwamba mwezi wa Shaabani unapoelekea ukingoni, nyumba nzima huamshwa. Mapazia hufuliwa, vyombo hushushwa kabatini, mikeka hukung'utwa, kuta hupakwa rangi, na siku chache kabla ya Idd kazi hiyo hurudiwa. Hatuna nia ya kuikosoa desturi hiyo, kwani kuupokea mwezi mtukufu kwa nyumba safi ni katika adabu. Lakini leo tungependa kuwauliza wasomaji wetu, na hasa ndugu zetu wa Tukuyu na wilaya nzima ya Rungwe, swali moja: je, nyumba inayokumbukwa kwa kuandama kwa mwezi peke yake inaweza kusalimika katika nchi ya mvua?

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi au kumi na moja, na ndiyo maana Ramadhani huzunguka majira yote katika muda wa miaka 33 hivi. Mwaka 2008 iliingia mwanzoni mwa Septemba, na Septemba huku Rungwe ni kiangazi. Mwaka 2015 iliingia katikati ya Juni, wakati wa kipupwe. Mwaka 2025 iliingia mwanzoni mwa Machi, mvua zikiwa zimeshika kasi. Aliyepaka rangi nyumba yake kwa ajili ya Ramadhani ya mwaka 2008 alipaka juu ya ukuta mkavu, na rangi ikashika. Mtu huyo huyo akifanya vile vile mwaka 2025, amepaka juu ya ukuta uliolowa, na haipiti miezi mingi rangi inabambuka kama magamba ya samaki. Nia yake ni ile ile na fedha zake ni zile zile. Kilichobadilika ni majira, naye hakuyatazama.

Dini yetu haikutuamuru kuyafumbia macho majira. Katika Sura Al-Baqara, aya ya 189, Mwenyezi Mungu anatueleza kuwa miandamo ya mwezi ni vipimo vya nyakati kwa watu na kwa ajili ya Hija. Lakini katika Sura Ar-Rahman, aya ya 5, ametutajia jua na mwezi pamoja, kwamba vyote viwili vinakwenda kwa hesabu. Katika Sura Quraysh ametaja misafara ya Makureshi, mmoja wa majira ya baridi na mwingine wa majira ya joto, akaihesabu kuwa ni neema juu yao. Na Nabii Yusuf (A.S.) aliwafundisha watu wa Misri kutumia miaka ya neema kujiandalia miaka ya dhiki. Hivyo basi, mwezi unatuita kwenye funga, Hija na Idd, na jua linatuita kwenye kilimo, mavuno na matengenezo ya nyumba. Muislamu mwenye busara huitikia miito yote miwili.

Nchi ya mvua nyingi

Rungwe si kama sehemu nyingine za nchi yetu. Wakati Dodoma hupata takriban milimita 570 za mvua kwa mwaka, sehemu nyingi za Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000. Mvua huanza Novemba, hufikia kilele Machi na Aprili, na huendelea hadi Mei. Ndiyo mvua iliyotupa migomba, chai, kahawa, maparachichi na majani ya ng'ombe wetu wa maziwa, na kwa hiyo ni rehma isiyo na shaka. Lakini rehma nayo ina haki yake.

Tuipime rehma hiyo juu ya nyumba moja. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hiyo paa dogo la mita za mraba 50, mahali panaponyesha milimita 2,000, hupokea lita 100,000 kwa mwaka. Hayo ni mapipa 500 ya lita 200 kila moja. Maji yote hayo lazima yaende mahali. Ikiwa mwenye nyumba hakuyapangia njia, yatajipangia yenyewe, ama kwenye msingi wake, ama ndani ya ukuta wake, ama kwenye ua wa jirani aliye chini yake mtelemkoni.

Usafi wa makazi si jambo geni katika ardhi hii. Msafiri Mskoti Joseph Thomson, aliyepita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, aliandika kwa mshangao juu ya vijiji vya Wanyakyusa: viwanja vilivyofagiliwa visiwe na gugu wala takataka, nyumba za mviringo zilizokandikwa kwa ustadi, na mapaa ya nyasi yaliyoezekwa vizuri. Wazee hao walijua kuwa paa la nyasi halidumu bila kuezekwa tena, na kwamba kazi hiyo ina majira yake. Sisi tumepata bati, nalo bati limetudanganya. Tunadhani likishapigiliwa limekwisha, ilhali misumari hulegea, mipira yake hukauka, na kutu huanza pale pale palipotobolewa.

Kiangazi: wakati wa kupanda juu ya paa

Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya mafundi. Kuta zimekauka, bati halitelezi, na mvua bado haijafika. Huu ndio wakati wa kukagua msumari mmoja mmoja, kubadilisha bati lililooza, kuziba matundu kwa lami, kukata matawi yaliyoinamia paa, kuondoa majani ndani ya gata, kuzibua mitaro, kukarabati choo na kupaka rangi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa kwetu methali hiyo inaweza kusomwa kama ilivyo, pasipo mafumbo: ufa ulioachwa Oktoba hunywa maji miezi saba, na ukuta wa udongo au wa matofali mabichi huanguka Aprili, mara nyingi usiku, watu wakiwa wamelala.

Gata ina suala la kisheria pia. Imepokewa katika Musnad ya Imam Ahmad kwamba nyumba ya Sayyidna Abbas (R.A.), ami yake Mtume (S.A.W.), ilikuwa na mfereji wa paa uliomwaga maji njiani. Siku moja ya Ijumaa Sayyidna Umar (R.A.), akiwa Khalifa, alipita hapo amevaa nguo zake za Ijumaa, na maji yaliyochanganyika na damu ya vifaranga vilivyochinjwa yakammwagikia. Akaamuru mfereji ung'olewe, akarudi kubadilisha nguo, kisha akaja kuswalisha. Abbas alipomweleza kuwa Mtume (S.A.W.) mwenyewe ndiye aliyeuweka mahali pale, Umar alimsisitiza Abbas apande juu ya mgongo wake aurudishe. Wapo wanavyuoni walioizungumzia sanadi ya riwaya hii, lakini funzo lake linaafikiana na kanuni kubwa ya fiqhi, kwamba haifai mtu kudhuriwa wala kulipiza dhara kwa dhara. Khalifa wa umma mzima aliyaona maji ya paa kuwa jambo la kusimamisha safari yake ya msikitini. Sisi tunayaelekeza kwa jirani, kisha tunapita mbele ya mlango wake tukienda kuswali.

Na jirani ni jirani. Katika Rungwe majirani zetu wengi ni Wakristo, nao wana haki ya ujirani juu yetu. Sahaba Abdullah bin Amr (R.A.) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, aliuliza kwanza kama jirani yake Myahudi amepelekewa. Mtaro wa pamoja unaochimbwa na nyumba mbili kabla ya Novemba unaweza kuwa daawa iliyo bora kuliko mihadhara mingi.

Masika: kuyaongoza maji na kuupisha upepo

Mvua zikishaanza, kazi hugeuka kuwa ya kila siku. Baada ya kila mvua kubwa baba au kijana wa nyumba azunguke nyumba yake atazame mambo matatu: maji yanasimama wapi, udongo umeliwa wapi, na ukuta una unyevu wapi. Maji yasikae kwenye msingi. Yaelekezwe kwenye migomba, ambayo huyapokea kwa furaha. Anayeishi chini ya kilima kikali azidishe tahadhari, kwani Aprili 2024 tope liliporomoka kutoka mlimani na kufunika nyumba katika kata ya Itezi, jijini Mbeya. Si kila jambo limo katika uwezo wa familia moja, lakini kusikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa na kuhama mapema panapotokea nyufa ardhini ni katika kufuata sababu, wala si upungufu wa tawakuli.

Ndani ya nyumba adui ni ukungu. Lugha yetu imeviita vitu viwili kwa jina hilo: ule unaotanda juu ya Mlima Rungwe asubuhi, na ule unaoota ukutani, kwenye godoro, kwenye viatu, hata kwenye jalada la msahafu uliosahauliwa rafuni. Wa kwanza huondoka jua likichomoza, lakini wa pili hukaa na kuwaletea watoto kikohozi na kuwachochea wagonjwa wa pumu. Dawa yake ni hewa na ukavu. Madirisha yafunguliwe kila mvua inapopumzika, vitanda na makabati visogezwe mbali kidogo na ukuta, magodoro yatolewe kila jua linapoonekana, na nguo mbichi zisianikwe chumbani mwa kulala. Ukuta ulioota ukungu uoshwe kwa maji na sabuni, ukaushwe, kisha itafutwe njia iliyopitisha maji. Kupaka rangi juu ya ukungu ni kama kujipaka manukato juu ya nguo yenye najisi.

Tunaulizwa mara kwa mara kuhusu matope. Jibu la wanavyuoni ni jepesi: tope la njiani ambalo ni taabu kujiepusha nalo limesamehewa, ijapokuwa limechanganyika na kitu cha najisi, kwa kiasi kile ambacho mtu hawezi kukikwepa. Asiwepo mtu wa kuacha jamaa kwa sababu ya tope la barabarani. Ama wale ambao sakafu zao za udongo zinasiribwa kwa samadi ya ng'ombe, katika madhehebu ya Imam Shafi samadi ni najisi, na wapo maimamu wengine, kama Imam Malik, walioona kuwa kinyesi cha mnyama anayeliwa ni tohara. Anayefuata madhehebu ya Shafi atandike mkeka safi na mkavu juu ya sakafu iliyokauka, na swala yake itasihi, ingawa kupata mahali palipo safi kabisa ni bora zaidi.

Kipupwe: moto ni adui

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike leo. Mwezi wa Juni, Julai na Agosti baridi ya Tukuyu huingia mifupani. Manyunyu hayaishi, jua huonekana kwa mapande, na familia nyingi hukota moto wa mkaa. Jioni jiko huwa jikoni, lakini usiku, wakati watoto wanapoanza kutetemeka, jiko hilo huingizwa chumbani, mlango ukafungwa, dirisha likazibwa kwa nguo ili baridi isipenye. Asubuhi majirani hubisha hodi wasijibiwe.

Ni lazima kila mzazi afahamu jinsi mauti haya yanavyokuja. Mkaa unaowaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu wala haiwashi macho. Huingia kwenye damu ikachukua nafasi ya oksijeni. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na aliyelala huenda asizinduke kabisa, au akazinduka bila nguvu za kuufikia mlango. Wapo wanaodhani kuwa mkaa ulioiva vizuri, usiotoa moshi, ni salama. Hilo ni kosa kubwa, kwa maana hatari haimo kwenye moshi unaoonekana.

Mtume wetu (S.A.W.) alituonya karne kumi na nne zilizopita. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Musa Al-Ash'ari (R.A.), nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na watu wake. Mtume alipoelezwa habari zao alisema kuwa moto ni adui yetu, na akaamuru tuuzime tunapotaka kulala. Katika hadithi ya Jabir (R.A.) aliamrisha milango ifungwe, vyombo vifunikwe, viriba vifungwe na taa zizimwe, kwa sababu panya anaweza kuukokota utambi akawaunguza wenye nyumba. Ukiyatafakari maneno hayo utaona kuwa ni ratiba kamili ya kukagua nyumba kabla ya kulala. Nayo Sura Al-Baqara, aya ya 195, inatukataza kujitupa wenyewe katika maangamizo.

Kwa hiyo tunasema bila kumung'unya maneno: jiko la mkaa halilali chumba kimoja na mwanadamu. Anayetaka kuota moto aote mapema, mlango au dirisha likiwa wazi, kisha jiko litolewe nje kabla ya mtu yeyote kulala. Chumba kipashwe joto kwa kuziba nyufa za ukuta na za dari wakati wa kiangazi, kwa blanketi la ziada, kwa soksi za watoto na kwa chupa ya maji ya moto iliyozibwa vizuri na kufungwa kitambaa. Mkimkuta mtu amezidiwa, fungueni milango, mtoeni nje haraka kwenye hewa safi na mkimbizeni hospitali. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema, lakini kipupwe kijacho kitafika kabla ya mwaka huo, na mkaa ungali jikoni.

Kazi hii ni ya nani?

Mara nyingi usafi wa nyumba huachiwa mama na mabinti, na wanaume huona fahari yao ni kuleta fedha tu. Huo si mwenendo wa Mtume (S.A.W.). Bi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia ahali zake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Kufagia hakumshushi mtu. Alipofariki aliyekuwa akiufagia msikiti wa Madina, na watu wakaona si jambo la kumsumbua Mtume, aliuliza habari zake, akawalaumu kwa kutomwarifu, akaenda kumswalia kaburini. Na tunajua sote ile hadithi kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, na kwamba mwanamume ni mchunga katika watu wa nyumba yake. Ataulizwa juu ya swala zao, na ataulizwa pia juu ya paa aliloliona linavuja akalinyamazia.

Wenye nyumba za kupangisha nao wasijitoe. Anayepokea kodi ameuza manufaa ya nyumba, na nyumba inayovuja haina manufaa kamili. Wanavyuoni wa Kishafi wamesema kuwa mwenye nyumba asipoitengeneza kasoro inayozuia manufaa, mpangaji ana hiari ya kuuvunja mkataba. Mpangaji kwa upande wake asiiache gata ijae majani au choo kizibe kwa hoja kwamba nyumba si yake. Nyumba ile ni amana mkononi mwake.

Wako pia wasioweza kupanda paani. Mjane aliyebaki na wajukuu, mzee aliyedhoofika, mgonjwa asiye na mtoto wa kiume karibu. Hapa tunatoa pendekezo kwa maimamu na kamati za misikiti ya Tukuyu, Kiwira, Katumba, Masoko na kwingineko wilayani. Kila mwaka, mwezi wa Agosti ukiisha, iandikwe orodha ya nyumba za namna hiyo kuzunguka kila msikiti, bila kubagua dini ya mwenye nyumba. Jumamosi mbili za Septemba vijana watoke na ngazi, nyundo, misumari ya bati na majembe ya mitaro. Gharama yake haifiki gharama ya karamu moja ya arusi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba tawi la chini kabisa la imani ni kuondoa cha kudhuru njiani. Basi ni kiasi gani cha thawabu kitapatikana kwa kuondoa cha kudhuru juu ya kichwa cha yatima aliyelala?

Katika Sura An-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu ametukumbusha kuwa Yeye ndiye aliyezijaalia nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu. Kushukuru neema hiyo kwa ulimi ni wajibu, na kuishukuru kwa nyundo, fagio na dirisha lililo wazi ni katika ukamilifu wa shukurani. Ramadhani ikifika itukute nyumba zetu ziko tayari, kwa sababu zilitunzwa tangu kiangazi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na za majirani zetu, aifanye mvua yetu kuwa ya manufaa isiyo na madhara, awarehemu waliotutangulia kwa kuangukiwa na kuta na kwa moto wa usiku, na atujaalie kuwa wachunga waaminifu wa tulivyokabidhiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.